Meza ya Maji ya Kilimani

Alhamisi moja wageni walitujia na blanketi. Tulikuwa tukikutana kila Alhamisi kwenye ukumbi wa kanisa letu hapa Kedowa, watu wazima sita wenye ulemavu wa akili na sisi wawili watatu tuliojitolea kukaa nao, tukisuka vikapu, tukiimba na kunywa chai. Siku hiyo tuliwaketisha sita hao kwenye benchi la mbele, nikawanyooshea kola za mashati. Wageni waliomba, wakampa kila mmoja blanketi na pakiti ya sukari, kisha wakasimama nyuma ya benchi ili picha ipigwe.

Dada yangu alikuwa wa mwisho kwenye benchi. Alipowekewa blanketi magotini aliliangalia kidogo, akalikunja vizuri, akamrudishia mama aliyempa.

"Niko nazo nyumbani," alisema. "Kila saa tunapewanga tu. Mimi nataka kupeana."

Nilicheka haraka haraka, kile kicheko changu cha kuomba radhi, nikalipokea blanketi mimi. "Msijali, huyu huwa anasema tu," niliwaambia wageni. Nikashukuru kwa niaba yake, na picha ikapigwa.

Kusema kwa niaba yake ndiyo ilikuwa kazi yangu tangu utotoni. Dada ananizidi miaka sita. Wazazi wetu walihamia huku kutoka Kati mwa Kenya kabla hatujazaliwa, wakalima viazi, wakafuga ng'ombe wawili, na baadaye wakapanda chai kidogo kama majirani wao. Dada alichelewa kutembea, akachelewa zaidi kuongea. Shule ilimpokea muhula mmoja, kisha mwalimu akamwambia Mami ampumzishe nyumbani. Akapumzishwa. Mimi nilipozaliwa ndiye aliyenibeba mgongoni Mami akiwa shambani, na nasikia nilijifunza kusimama kwa kushika sketi yake. Nilipopata maneno, nikawa mdomo wake. Watu waliniuliza, "Huyo wenu anataka nini?" na yeye amesimama papo hapo. Nami nilijibu. Sikuwahi kumgeukia nimuulize.

Mami alipofariki, dada alihamia kwangu, vyumba vya nyuma ya duka langu la mbegu na chakula cha kuku. Alifagia duka, alipanga magunia, na wateja walimwita Anti. Nilijiona nimemtendea vyema.

Asubuhi baada ya wale wageni nilimkuta akifagia kwa nguvu isiyo ya kawaida, vumbi hadi kwenye mizani.

"Jana ulitaka kusema nini?" nilimuuliza.

Hakuacha kufagia. "Wewe unaendanga kuosha wagonjwa. Unapikia watu wa matanga. Unaitwa, unaenda." Akaegemeza ufagio ukutani. "Mimi naachwa kwa benchi."

Niliingia nyuma ya kaunta nikajifanya natafuta pakiti za mbegu za sukuma wiki.

Wiki chache baadaye karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa duka, yenye picha ya kiatu cha kukimbilia. Dada hasomi, lakini picha haimpiti. Akanivuta mkono.

"Hii inasema nini?"

"Kutakuwa na mbio kule juu kwenye mashamba ya chai. Za kusaidia zahanati ipate chumba cha kujifungulia. Wanatafuta watu wa kujitolea siku hiyo."

"Watu gani?"

"Watu tu, dada. Yeyote."

"Na mimi si ni mtu?"

Nilimpeleka kwenye mkutano wa kamati nikiwa natumaini, niseme ukweli, kwamba wangemkatalia wao ili nisimkatalie mimi. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, Mkipsigis mpole aliyevaa koti hata jua likiwaka. Nilieleza kwamba watu wetu sita wangependa kusaidia. Alikuna kidevu.

"Mama, ni wazo zuri," alisema. "Lakini ile ni kazi ya kusimama saa nyingi. Watachoka. Na kuna wageni kutoka Kericho na Bomet, kuna wakimbiaji wa kweli. Kwa nini wasikuje tu kama wageni wetu? Tutawawekea viti kwa hema."

Nilishafungua mdomo kumshukuru. Dada akanitangulia.

"Viti tuko nazo kanisani," alisema. "Mwalimu, tupatie kazi."

Watu wa kamati waliangaliana. Mwanamume mmoja kwenye kiti cha nyuma aliinua mkono. Nilimjua. Alikuwa jirani yetu, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa ambaye ujanani alishindana mbio hadi ng'ambo. "Mimi nitawafundisha," alisema. "Wapeni meza ya maji."

Mwenyekiti alifikiri, akafungua daftari. "Basi wachukue ile ya juu kilimani. Huko hakuna watu wa kuwasumbua."

Nilielewa alichomaanisha: huko juu hakuna mtu angewaona. Meza hiyo ilikuwa mbali, mahali barabara ya vumbi inapopanda katikati ya chai kisha kugawanyika. Niliona aibu kwa niaba yetu sote. Dada hakuona chochote cha aibu. Alitoka mkutanoni akiwa ameinua kichwa, akawaambia watu wote wa stendi ya boda boda kwamba yeye ana meza.

Mazoezi tulifanyia kwenye uwanja wa kituo cha kupimia chai, siku ambazo majani hayapokelewi. Jirani mkimbiaji aliweka meza, akajaza vikombe vya plastiki nusu nusu, akawapanga sita kwa mstari.

"Kikombe kikae kwa kiganja," aliwaambia. "Nyoosha mkono. Usikishike. Mimi nikipita, mimi ndiye nitachukua. Kazi yako ni kuachilia tu."

Alirudi nyuma, akaja mbio. Kikombe cha kwanza kilimwagika kifuani mwake. Cha pili kiliruka juu ya paa la kituo. Wa tatu alikimbia pamoja naye hadi getini akiwa bado amekishika kikombe. Jirani alirudi, akakamua fulana, akasema, "Tena." Alirudia hivyo Jumamosi nzima, na Jumamosi iliyofuata, bila kukunja uso hata mara moja. Ng'ombe wake walichelewa kukamuliwa, mkewe akaja kuona ni nini kinachomweka huko, naye akaishia kuosha vikombe.

Mmoja wa sita wetu alikuwa mwanamume wa makamo, Mkipsigis, mwenye maneno machache sana. Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa kongoi, yaani asante, na kwake lilikuwa sharti. Alikishika kikombe kwa nguvu mpaka aambiwe kongoi. Mkimbiaji angevuta, naye angevuta, maji yakawamwagikia wote wawili. Tulimweleza kwamba watu wanaokimbia hawana pumzi ya kushukuru. Akakunja uso. Hakuona haja ya kumpa maji mtu asiye na adabu.

Dada alilitazama jambo hilo kwa siku mbili. Kisha akamshika mkono yule mwanamume, akampeleka mwisho kabisa wa meza.

"Wewe kaa hapa," alimwambia. "Wale wa kwanza wako na haraka. Hao ni wetu. Wewe ungoje wale wanakuja polepole. Hao wako na nafasi ya kusema kongoi."

Jirani alinitazama. "Mimi nimefikiria hiyo kitu wiki nzima na sikupata jibu," alisema.

Kulikuwa na jambo lingine dada alilolitaka. Alitaka kujua watu wakishachukua maji yake wanaenda wapi. Jirani angeweza kumjibu kwa neno moja, lakini alimchukua kwa miguu. Walipanda hadi kwenye meza yetu, wakafika pale barabara inapogawanyika, na kutoka hapo akamtembeza njia yote hadi uwanja wa mpira wa kiwanda cha chai ambapo mbio zingeishia. Wiki iliyofuata dada alidai warudi tena. Mimi sikwenda hata mara moja. Nilikuwa na duka, na nilidhani ni matembezi tu.

"Hapo kwa njia mbili," dada aliniambia akirudi, matope hadi magotini, "unaenda mkono ya saa. Penye blue gum. Ile ingine kubwa inaenda mtoni, inaishia huko." Yeye huvaa saa mkono wa kushoto. Haisomi, lakini ndiyo inayomwonyesha kushoto ni wapi.

Siku moja kabla ya mbio, saa tisa alasiri, mvua ya mawe iliipiga milima yote. Niliisikia kwenye mabati ya duka nikawaza majani ya chai ya watu. Sikuwaza mishale ya chokaa ambayo kamati ilikuwa imechora barabarani asubuhi hiyo kuwaonyesha wakimbiaji njia.

Pikapu ilituacha kilimani na meza mbili, vikombe, mitungi ya maji, na vizibao vya manjano vilivyowapwaya wote. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya chai. Wachumaji kadhaa waliokuwa wakipita na vikapu mgongoni walisimama kututazama, na mmoja wao aliniuliza mimi, "Hao ndio watapeana maji?"

"Ndio," dada alijibu. "Unataka?"

Yule mama alicheka, akachukua kikombe kutoka kiganjani mwake, akanywa. Kilitoka mkononi safi, bila tone kumwagika.

Tulitakiwa tuwe na mtu wa kamati pale njia panda, wa kuelekeza. Hakufika. Baadaye tulisikia pikipiki yake ilikwama kwenye matope huko chini. Wakati ule sikujua, na wala sikuangalia. Nilikuwa nikihesabu vikombe na kuwaambia watu wetu wasiogope, nao hawakuwa na woga. Aliyeogopa nilikuwa mimi.

Kwanza tulisikia pikipiki iliyowatangulia wakimbiaji. Aliyeiendesha alikuwa kijana wa mjini mwenye kofia ya kamati. Nyuma yake walikuja watatu wa mbele, wembamba, miguu yao ikigusa ardhi kana kwamba inaungua. Dada alinyoosha mkono, kiganja wazi. Wa kwanza, mwanamume kutoka upande wa Bomet, alikichukua kikombe bila hata kukitazama. Wa pili akachukua kwa mama aliyemfuata dada. Wa tatu pia. Hakuna kilichoanguka. Nilitaka kupiga kelele.

Nilipogeuka niliona pikipiki imefika njia panda. Kijana alipunguza mwendo, akatafuta mshale barabarani, hakuona. Chokaa yote ilikuwa imekwenda na mvua. Akaitazama barabara ya kushoto, nyembamba, ikipita chini ya mikaratusi ambayo huku sote twaiita blue gum. Akaitazama ile ya kulia, pana, imesawazishwa vizuri kwa ajili ya malori ya chai. Akakata kulia.

Dada yangu hakimbii. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona akikimbia. Aliweka kikombe chini, akainua sketi, akakimbia. Alikata kona kupitia kwenye chai na kutokea mbele ya pikipiki, akasimama katikati ya barabara ile pana, mikono ameitanua pande zote mbili.

"Hapana!" alipaza sauti. "Hapana! Si huku!"

Pikipiki ilifunga breki kwa kuteleza. Wakimbiaji wale watatu walisimama, kifua juu chini.

"Mama, toka kwa barabara!" kijana alifoka. "Hawa watu wako kwa mbio!"

"Huko ni mtoni. Ni mkono ya saa!"

"Nini?" Kijana alizungusha macho hadi akaniona mimi, niliyekuwa nikija mbio nyuma yake. "Wewe, mama, mtoe huyu hapa! Haraka!"

Nakiri nilichokuwa nakwenda kufanya. Nilikuwa nakwenda kumshika mkono na kumwondoa. Neno "samahani" lilikuwa tayari mdomoni, na kile kicheko changu nyuma yake. Nilimfikia. Kizibao kilikuwa kimemwangukia begani, na alinitazama machoni bila kushusha mikono. Hakuniomba nimsemee. Alinitazama tu kuona nitasimama upande gani.

Nikajiuliza jambo dogo sana: kati yetu sote hapa, nani ametembea njia hii? Kijana wa pikipiki, hapana. Mimi, hapana.

"Msikilizeni yeye," nilisema. "Yeye ndiye anajua njia."

Nikasogea kando.

Yule mkimbiaji wa Bomet hakuniuliza mimi, wala hakumuuliza mwenye pikipiki. Alimwelekea dada. "Anti, ni wapi?"

Dada aligeuka kutazama walikokuwa wakielekea wao, akaushusha mkono wa kulia, akaunyoosha ule wenye saa kuelekea kwenye mikaratusi. "Huko. Hadi mabati nyekundu. Halafu uteremke kwa kiwanda."

Wakaondoka. Viatu vyao vilisikika chini ya miti, kisha havikusikika tena. Kijana alinitazama, akamtazama dada, akageuza pikipiki na kuwafuata. Nyuma yetu kundi kubwa lilikuwa linapanda kilima.

"Rudi kwa meza," dada aliniambia. "Mimi nakaa hapa."

Kwa hiyo nilichukua nafasi yake kwenye mstari, mimi ambaye niliyatazama mazoezi yote nikiwa nimeketi. Kikombe changu cha kwanza nilikishika kama naogopa kuibiwa. Mkimbiaji alivuta, maji yakaturudia sote usoni. Cha pili nilikiangusha. Wale watano walifanya kazi yao kimya, kikombe baada ya kikombe, na mimi peke yangu ndiye niliyelowa. Kutoka njia panda sauti ya dada ilinifikia, kubwa, mbele ya watu wote:

"Usishike! Achilia! Achilia tu!"

Nikaachilia. Kikombe kilichukuliwa kama hewa.

Walipita kwa wingi, na kila mmoja alipofika njia panda aliukuta mkono wa dada umenyooka. Hakuuteremsha. Hata ukungu ulipoinuka na jua likaanza kuuma, alisimama pale akiuegemeza kwa mkono mwingine. Mwishoni walikuja wale wa polepole: muuguzi wa zahanati akitembea, akina mama wa kwaya wakiwa wamefunga leso viunoni, mchungaji akishika mbavu. Mwanamume wetu wa mwisho wa meza alikuwa amengoja muda wote huo na vikombe vyake. Walimwambia kongoi, mmoja baada ya mwingine. Wengine walimshika mkono. Mchungaji alimwambia mara mbili na kuongeza *mising*, yaani sana. Sikuwahi kumwona mtu akiwa tajiri namna ile.

Tulipofika uwanjani na pikapu yetu, mitungi ikiwa mitupu, habari ilikuwa imetutangulia. Yule wa Bomet ndiye aliyeshinda, na alipopewa kipaza sauti hakuzungumza juu ya ushindi wake. Alisema kuna mama mmoja kilimani aliyemzuia asiingie mtoni. Mwenyekiti, koti lake limelowa jasho, alituita mbele.

Miguu yangu iliinuka yenyewe. Nikairudisha. Dada alipita mbele yangu peke yake, akapewa kipaza sauti, akakigonga kwa kidole kuona kama kinafanya kazi.

"Walikuwa wanaenda mtoni," alisema. "Nikasema hapana." Alifikiri. "Na maji ilitosha."

Akakirudisha. Wanawake walipiga vigelegele kutoka pande zote za uwanja, na watu wetu watano wakaingia mbele bila kualikwa, wakasimama naye, vizibao vikiwapepea. Sikumbuki mtu aliyepiga picha akiwaambia wakae. Walisimama, na wageni wakasogea pembeni.

Baadaye mwenyekiti alikuja pale tulipokuwa tukikunja meza. Kijana wa pikipiki alikuwa naye, kofia mkononi, akamwambia dada, "Anti, pole kwa vile nilikuongelesha." Dada alimpa mguu wa meza aushike. Mwenyekiti alisafisha koo.

"Nilisema mtachoka," alisema.

"Tumechoka," dada alimjibu. "Lakini tumemaliza."

Mwezi uliofuata mwenyekiti alimwita dada kwenye kamati, si kama mgeni. Sasa ana kiti chake kila mkutano, na katibu huandika anayosema kama anavyoandika ya wengine. Wale watano nao wana kazi. Wawili huwapanga akina mama kwenye foleni siku ya kupima watoto zahanati, wengine huosha vyombo vya kanisa na kupeleka chai kwa wagonjwa. Yule mwanamume wa kongoi ndiye anayepokea watu mlangoni Jumapili, na hakuna anayeingia bila kumsalimu. Mkutano wetu wa Alhamisi umehamia Jumatano jioni, kwa sababu Alhamisi wako kazini.

Juzi watu wa Soin walituma ujumbe. Wanataka kuanzisha mbio zao huko chini kwenye joto, nao waliomba kamati iwatumie mtu wa kuikagua njia. Kamati ilimchagua dada na jirani mkimbiaji. Waliondoka asubuhi na miavuli miwili na chupa ya chai, mimi nikiwa nahudumia mteja wa chakula cha kuku.

Saa sita alinipigia simu. Nyuma yake nilisikia watu wengi wakiongea kwa pamoja.

"Huku jua ni kali," alisema. "Nimewaambia meza zikuwe nyingi. Ngoja, wananiita."

Akakata.